Mombasa ya mashamba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vijiji vyetu, mipaka na serikali

Maswali haya ni ya wakazi wa Mwakirunge, Jomvu Kuu, Miritini, Mtongwe, Shika Adabu na sehemu nyingine za kaunti hii ambako watu bado wanalima na kufuga. Yamejibiwa kwa ajili ya mwananchi anayeondoka nyumbani alfajiri na bahasha ya karatasi kwapani, akiwa hana hakika aanzie mlango gani.

Kwani Mombasa ina mashamba?

Ina. Wageni wanajua kisiwa: Mji wa Kale, Ngome ya Yesu, Posta, Mwembe Tayari. Lakini kisiwa ni kipande kidogo tu. Nchi kavu yote ya Kaunti ya Mombasa ni karibu kilomita za mraba 220, ndiyo kaunti ndogo kuliko zote 47 za Kenya, na sehemu kubwa ya eneo hilo iko bara, upande wa kaskazini, magharibi na kusini. Ukipita Kiembeni ukashika njia ya Mwakirunge, maghorofa yanapungua, unaanza kuona minazi, mikorosho, miembe, nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, na mbuzi wanaovuka barabara bila haraka.

Hata hivyo, sensa ya 2019 iliyohesabu watu 1,208,333 Mombasa iliwaweka wote katika fungu la wakazi wa mjini. Hakuna hata mmoja aliyeandikwa kuwa wa mashambani. Mama anayepalilia kunde zake Mwakirunge yuko kwenye safu moja na mwenye duka la Moi Avenue. Hili si jambo dogo. Mipango ya maji, barabara na kilimo hupangwa kwa kusoma takwimu, na mtu asiyeonekana kwenye karatasi hukumbukwa mwisho. Watu wa pembezoni wana kila sababu ya kujua serikali yao inavyokwenda, pengine kuliko hata watu wa kisiwani.

Mipaka yetu inaishia wapi?

Kaskazini na kaskazini magharibi tunapakana na Kaunti ya Kilifi. Kwenye barabara ya Malindi mpaka ni mkono wa bahari wa Mtwapa: ukivuka daraja, mji wa Mtwapa wenyewe ni wa Kilifi, ingawa wengi wa huko hushuka Mombasa kila siku kutafuta riziki. Kusini, ukishapita Likoni ukaelekea Ng'ombeni na Waa, umeingia Kwale. Magharibi, barabara ya Nairobi inapita Miritini, na ukifika Mazeras si Mombasa tena. Mashariki ni Bahari ya Hindi.

Ndani ya mipaka hiyo kuna mikono ya bahari inayoingia mpaka bara: Tudor na Port Reitz, pamoja na mlango wa Kilindini. Mikono hiyo ndiyo inayofanya vijiji viwili vinavyotazamana kwa macho vichukue saa nzima kufikiana kwa gari.

Kwa nini udongo wa Jomvu unanata hivi, na wa Bamburi ni mawe matupu?

Ukanda wa karibu na bahari umekaa juu ya mawe ya matumbawe, yaani miamba ya kale iliyobaki nchi kavu bahari iliposhuka. Ndiyo mawe yanayochongwa kwa ujenzi, na ndiyo yaliyoleta kiwanda cha saruji Bamburi katika miaka ya 1950. Maji ya mvua hupenya humo upesi.

Ukienda magharibi, Changamwe, Jomvu, Miritini, nchi inapanda vilima hadi kama mita 100 juu ya usawa wa bahari, na chini yake kuna mwamba laini wa tabaka tabaka uliotokana na matope ya bahari ya enzi ya Jurasiki. Mwamba huo ukioza unatoa udongo wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa. Masika unavimba na kuteleza. Mwendesha bodaboda wa Miritini anajua: mvua ya nusu saa tu, tope limejaa kati ya gurudumu na madigadi mpaka pikipiki haizunguki, inabidi ashuke atafute kijiti akwangue. Mkandarasi akimwaga kifusi juu ya udongo huo bila mitaro ya maji, barabara haimalizi masika mbili. Mtu akija kuwaonyesha mchoro wa barabara, ulizeni mitaro kwanza.

Mvua tuitegemee lini?

Masika huanza Machi au Aprili hadi Juni, na Mei ndio mwezi mzito. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, nayo ina kigeugeu zaidi. Kwa mwaka hunyesha kama milimita 1,000. Wengi hupanda mahindi na kunde masika, na muhogo hubaki shambani kama akiba.

Mbona tumezungukwa na maji na mabomba yamekauka?

Kwa sababu maji matamu yanatoka mbali. Mombasa haina mto mkubwa wake wenyewe. Maji yetu yanatoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba, na Tiwi. Yote hayo yako nje ya kaunti. Bomba la Mzima peke yake lina urefu wa zaidi ya kilomita 200, na kila mji ulio njiani una kiu yake.

Anayesambaza maji Mombasa ni kampuni ya kaunti, MOWASSCO. Anayeyaleta kwa wingi kutoka kwenye vyanzo ni shirika la serikali kuu linaloshughulikia maji ya Pwani. Bomba la mtaa likipasuka, ni la kampuni ya kaunti. Eneo zima likikosa maji kwa wiki, huenda tatizo liko juu zaidi, na lalamiko liende kote kuwili.

Visima vya kuchimba ni msaada mkubwa, lakini karibu na bahari maji ya chumvi huingia yakivutwa sana. Na kwenye mawe ya matumbawe uchafu wa choo cha shimo husafiri upesi chini kwa chini. Kama kisima na choo viko ua mmoja, maji hayo yachemsheni au yatieni dawa, hata yakiwa maangavu namna gani.

Mimi niko wadi gani?

Kaunti ina maeneobunge sita na wadi 30. Kabla ya uchaguzi wa 2013 maeneobunge yalikuwa manne. Nyali ikamegwa kutoka Kisauni, na Jomvu kutoka Changamwe.

Kisauni ina Mjambere, Junda, Bamburi, Mwakirunge, Mtopanga, Magogoni na Shanzu. Nyali ina Frere Town, Ziwa la Ng'ombe, Mkomani, Kongowea na Kadzandani. Jomvu ni tatu tu: Jomvu Kuu, Miritini na Mikindani. Changamwe ina Port Reitz, Kipevu, Airport, Changamwe na Chaani. Likoni ina Mtongwe, Shika Adabu, Bofu, Likoni na Timbwani. Mvita, yaani kisiwani, kuna Mji wa Kale/Makadara, Tudor, Tononoka, Shimanzi/Ganjoni na Majengo.

Wadi unayopigia kura inaweza kuwa tofauti na unayolala. Wengi waliohamia pembezoni bado wameandikishwa Majengo au Kongowea, halafu wanashangaa kwa nini sauti yao haisikiki huku.

Ile manispaa ya zamani ilikwenda wapi?

Mpaka 2013 tulikuwa Wilaya ya Mombasa ndani ya Mkoa wa Pwani, na mji uliendeshwa na baraza lenye meya na madiwani. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 kazi za baraza zikaingia serikali ya kaunti. Gavana wa kwanza alikuwa Hassan Joho, na tangu 2022 ni Abdulswamad Nassir. Diwani akaondoka, akaja mwakilishi wadi, tunayemwita MCA.

Chifu, msimamizi wa wadi na MCA: tofauti yao ni nini?

Hili ndilo linalowapotezea watu siku nyingi zaidi, kwa hivyo tulifafanue taratibu.

Chifu ni wa serikali kuu. Juu yake yuko naibu kamishna wa kaunti, na juu zaidi kamishna wa kaunti, ambaye si mtumishi wa gavana. Chini ya chifu yuko naibu wake, na chini kabisa wazee wa mtaa na nyumba kumi. Huko ndiko unakopeleka mambo ya kitambulisho, usalama, ugomvi wa majirani, na barua ya kukutambua kuwa mkazi.

Msimamizi wa wadi ni mwajiriwa wa kaunti. Hachaguliwi kwa kura. Yeye ndiye macho ya kaunti pale mtaani: taka zisizozolewa, taa za barabarani, soko, zahanati isiyo na dawa. Juu yake yuko msimamizi wa kaunti ndogo.

MCA unamchagua wewe. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali ya gavana. Si kazi yake kununua jeneza wala kulipa karo kutoka mfukoni, ingawa sote tumemzoesha hivyo. Ukimwendea, mwendee na jambo la bajeti au la sheria, kisha umuulize alilisemea lini bungeni mwa kaunti. Kila neno linalosemwa pale huandikwa.

Mbunge ni wa Bunge la Taifa huko Nairobi, na NG-CDF, yaani hazina ya serikali kuu ya maendeleo ya maeneobunge, inayosimamiwa katika eneobunge lake hujenga mambo ya serikali kuu: madarasa ya shule za msingi na sekondari, vituo vya polisi, ofisi za machifu. Ukiona chekechea inajengwa, hiyo ni ya kaunti. Darasa la kwanza kwenda juu, hilo ni la serikali kuu. Ua ni mmoja, serikali mbili.

Na barabara?

Kuu za kitaifa, kama ya Nairobi na ya Malindi, ni za serikali kuu. Vichochoro na barabara nyingi za mitaa ni za kaunti. Kabla ya kuandika barua, muulize msimamizi wa wadi barabara yenu imeorodheshwa kwa nani. Ukikosea, barua italala mezani mwa ofisi isiyohusika.

Mzee wa mtaa anataka pesa ya kunisindikiza kwa chifu. Ni haki?

Chifu analipwa mshahara na serikali, na barua yake si bidhaa. Hutakiwi kutoa chai. Mzee wa mtaa kwa miaka mingi amefanya kazi ya kujitolea, na nauli yake ukimpa kwa hiari ni ubinadamu, lakini asiifanye sharti. Mwambie kwa adabu, "Mzee wangu, barua hii naambiwa haina malipo." Akishikilia, fika kwa naibu wa chifu wewe mwenyewe.

Mtoto amezaliwa nyumbani. Cheti nitapataje?

Nenda kwa naibu wa chifu wa eneo mlilojifungulia, mapema, na vitambulisho vya wazazi na kadi ya kliniki kama ipo. Yeye ndiye anayeandikisha vizazi na vifo vya nyumbani. Zikipita miezi sita inahesabika kuwa uandikishaji wa kuchelewa, na hapo vielelezo vinaongezeka. Wajukuu wengi wanaolelewa na bibi zao hukwama wakati wa mtihani kwa sababu hii tu.

Kikao cha bajeti kina faida gani? Si huwa wameshaamua?

Kina faida, ukijua kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kufikia Septemba 1 kaunti inatakiwa kuwa imepeleka bungeni mwa kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kufikia Februari 28 huja waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kiwango cha kila idara. Aprili 30 makadirio ya bajeti yanafika bungeni, na Juni 30 yanatakiwa yawe yamepitishwa. Ukija Juni kuomba zahanati umechelewa. Ombi hilo lilipaswa kuwa ndani ya mpango wa Septemba, na bora zaidi liwe ndani ya mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano.

Vikao vingi vya wadi hufanana. Viti vya plastiki vimepangwa chini ya mwembe au kwenye ukumbi wa shule, afisa anasoma mamilioni ya idara moja baada ya nyingine, na kina mama walioketi nyuma wanasubiri kusikia jina la kijiji chao. Lisiposomwa, wengi huinuka wakaenda kuangalia chungu. Hapo ndipo panapotakiwa subira. Nyanyueni mkono muulize ukurasa gani, jina la mradi ni lipi, na kiasi gani. "Uboreshaji wa maji" si mradi wa mtu yeyote, na fedha zake zinaweza kuishia kokote. Kisima chenye jina la kijiji kinaweza kufuatiliwa. Kisha toeni maoni kwa maandishi, hata kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kusema tu kunasahaulika, na orodha ya mahudhurio mliyotia saini itaonyesha kwamba mlishirikishwa hata kama hamkusikilizwa.

Nimejenga, lakini ardhi si yangu. Nina haki gani?

Swali hili lina uchungu wa miaka zaidi ya mia moja. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ukaingia katika himaya ya Mwingereza 1895, na 1908 ikaja sheria iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi ajitokeze aandikishe. Ardhi ya jamii, iliyolimwa na ukoo bila karatasi, haikutambuliwa ipasavyo. Wachache waliandikishwa mashamba makubwa, sehemu nyingine ikawa ya serikali, na wazee wengi wa Kimijikenda na Waswahili wa vijijini wakajikuta wageni kwenye makaburi ya babu zao. Sheria ile ilifutwa 2012, lakini hati zilizotokana nayo bado zipo.

Ndipo tukapata utaratibu wetu wa nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine, unamlipa kodi ya kiwanja. Unaweza kuiuza nyumba, ardhi huwezi. Makubaliano hayo yaandikwe, na risiti zisitupwe hata zikiwa za miaka ya marehemu baba.

Watu husema, "Nimekaa miaka 12, sasa ni yangu." Sheria ya miaka 12 ipo, ila ina masharti. Uwe umekaa waziwazi, mfululizo, bila ruhusa ya mwenyewe, na uende Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikuamulie. Anayelipa kodi ya kiwanja amekaa kwa ruhusa, kwa hivyo njia hiyo haimfai. Na ardhi ya umma haichukuliwi hivyo hata ukae miaka 50.

Kufukuzwa nako kuna utaratibu. Tangu marekebisho ya 2016, anayetaka kukuondoa kwenye ardhi yake lazima akupe ilani ya maandishi ya angalau miezi mitatu, na una haki ya kwenda mahakamani kabla muda huo haujaisha. Tingatinga linalokuja usiku bila karatasi limevunja sheria.

Kama unanunua, fanya upekuzi kwenye sajili ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi. Hatimiliki hutolewa na serikali kuu. Saini ya mzee wa mtaa kwenye karatasi ya mauzo haimfanyi mtu kuwa mwenye ardhi.

Nyumba ya udongo nayo inataka kibali?

Kwa sheria ya mipango ya 2019, ujenzi hupata idhini ya kaunti. Kwa nyumba ndogo za vijijini usimamizi umekuwa hafifu, lakini ukianza kujenga za mawe za kupangisha, pata idhini mapema. Kubomolewa kunauma zaidi ya ada.

Tunaweza kukata mikoko ya kujengea?

Bila ruhusa, hapana. Mikoko ya pwani yote ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932, na leo iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Ukingo wa Tudor ulikatwa sana, na wavuvi wa Jomvu na Junda ndio wanaojua hasara yake: kamba na vifaranga vya samaki hukulia kwenye mizizi ile. Vikundi vya vijana vinavyopanda upya vinastahili kuungwa mkono na kila kijiji kinachogusa maji.

Kwa nini watu wa Mtongwe hawachoki kuzungumzia kivuko?

Kwa sababu Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Karibu kila ukoo una jina la kutaja. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu inaunganisha Miritini na pwani ya kusini bila kupanda feri, lakini mwanafunzi au kibarua wa Mtongwe anayekwenda kisiwani kwa miguu bado anahitaji njia fupi na salama ya majini. Wakiulizia hali ya chombo, wajibiwe.

Taka za mji mzima kuletwa Mwakirunge ni halali?

Taka ni kazi ya kaunti, na Mwakirunge imebeba mzigo mkubwa, hasa tangu jaa la Kibarani lifungwe. Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na NEMA ndiyo mamlaka ya kitaifa inayopokea malalamiko ya uchafuzi. Pigeni picha zenye tarehe, andikeni moshi umeanza lini na umeelekea nyumba zipi, pelekeni mkiwa kikundi. Kijiji kinachopokea uchafu wa wengine kinastahili kuwa cha kwanza kupata barabara, zahanati na maji safi, na hilo lisemwe wazi kwenye kikao cha bajeti.

Kijiji chetu kinaweza kuwa mji wake wenyewe?

Sheria ya miji, baada ya marekebisho ya 2019, inataka watu 10,000 ili pawe mji, 50,000 kwa manispaa, na 250,000 kwa jiji. Kwetu sisi, ambao tayari tunahesabiwa ndani ya jiji la Mombasa, kinachofaa zaidi ni sheria ya serikali za kaunti ya 2012. Inaruhusu wadi kugawanywa katika vijiji, kila kimoja na msimamizi wake na baraza la wazee wasiopungua watatu na wasiozidi watano. Mwulizeni MCA wenu jambo hilo limefikia wapi.

Nimeomba nakala ya bajeti ya wadi, nazungushwa. Nifanye nini?

Andika ombi kwa kutaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Si lazima ueleze unaitakia nini. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Siku hizo zikipita kimya, peleka nakala hiyo kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ndiyo inayosimamia sheria hiyo. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Afisa hana ruhusa ya kukurudisha kwa sababu ya lugha.